Chupa Ndogo ya Dukani na Jicho Lililokauka

Mpunga wa Kyela ukishakomaa, kuanzia Talatala na Ipinda hadi Matema, kuna wiki ambazo hata hewa inawasha. Mpunga unapurwa, unapepetwa, makapi yanaruka, na vumbi lake linatua kwenye kope za kila aliye karibu. Jioni ikifika, moshi wa kuni nao unasubiri jikoni. Tuseme ni mama wa miaka hamsini na ushee. Ananawa uso, anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na kesho yake macho yanachoma upya kana kwamba yametiwa mchanga. Siku ya nne anachoka. Anamtuma mjukuu dukani: "Mwambie akupe dawa ya macho." Mjukuu anarudi na chupa ndogo. Kati ya watu watatu, aliyetuma, aliyetumwa na aliyeuza, hakuna aliyeuliza ni dawa ya macho gani.

Mazungumzo ya leo ni ya chupa hiyo. Chupa za namna hiyo zote ni ndogo, na nyingi hudondosha tone linalofanana na maji, lakini ndani mnaweza kuwa na antibayotiki, au steroidi, au dawa ya mzio, au dawa ya ganzi, au machozi yaliyotengenezwa kiwandani. Hazina undugu. Na kwa mtu ambaye ukavu umeanza kumchubua kioo cha jicho, mambo yamekaa kinyumenyume: tone analolihitaji kwanza ndilo watu wanalolidharau kwamba ni maji tu, na tone linalosifiwa kwa kufuta wekundu usiku mmoja ndilo linaloweza kumpofusha.

Kumwambia mtu wa Kyela kwamba macho yake yamekauka ni kumchekesha. Ziwa Nyasa liko mlangoni. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote zinamwaga maji humo, na mvua za huku ni miongoni mwa zilizo kubwa Tanzania nzima. Isitoshe, macho ya mama huyo yanatiririka machozi mchana kutwa. Ukavu uko wapi?

Uko kwenye ubora wa machozi yenyewe. Machozi si maji matupu. Chini kabisa kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, katikati kuna maji yenye chumvi na protini, na juu kuna mafuta membamba yanayozuia maji yasipae hewani. Mafuta hayo hutoka kwenye vijitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope, ambavyo Mjerumani Heinrich Meibom alivieleza mwaka 1666 na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Kila mtu anapopepesa, kope huutandaza utando huo upya. Kwa jicho lenye afya utando hukaa sekunde 10 au zaidi kabla haujakatika. Mafuta yakiwa haba, unakatika mapema, kioo cha jicho kinabaki wazi, na mishipa ya fahamu inatoa taarifa ya maumivu. Hapo tezi kubwa ya machozi, iliyojificha juu ya jicho upande wa nje, inamwaga maji mengi kwa pamoja. Maji hayo hayana mafuta wala ute wa kutosha, kwa hiyo yanateremka shavuni badala ya kukaa yanakohitajika. Jicho linalia kwa sababu ni kavu.

Kioo hicho cha mbele wataalamu hukiita konea. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu, na hakina mshipa hata mmoja wa damu, kwani damu ingezuia mwanga. Hewa yake ya oksijeni kinaipata kwenye machozi. Kwa upande mwingine kimejaa mishipa ya fahamu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, ndiyo maana punje ya vumbi humsimamisha mtu mzima katikati ya kazi. Ngozi yake ya juu hujifanya upya kwa muda wa wiki moja hivi, mradi ibaki na unyevu. Isipobaki na unyevu, kila upepeso unaisugua kama kitambaa kikavu.

Msikilizaji aliyewahi kupimwa konea hospitalini atakikumbuka kijikaratasi cha rangi ya chungwa. Mtaalamu hukilowesha ncha kwa maji safi ya chumvi, akaishusha kope ya chini kwa kidole, akakigusisha hapo kwa sekunde moja. Rangi hiyo ni fluoresini, iliyotengenezwa mara ya kwanza na mkemia Adolf von Baeyer mwaka 1871. Mgonjwa anapepesa mara mbili, anaweka kidevu kwenye mashine, na taa ya buluu inawashwa. Konea nzima huonekana imefunikwa kijani chepesi kilicholala sawasawa. Konea iliyochubuliwa na ukavu huwa na vidoti vya kijani kikali, kama mtu aliyeidonadona kwa ncha ya sindano, na mara nyingi huanzia sehemu ya chini. Kila kidoti ni mahali ambapo ngozi ya juu imelegea au imetoka. Vidoti vikiungana vinakuwa kiraka, na kiraka kikichimbika kinakuwa kidonda. Kidonda kikipona vibaya kinaacha kovu jeupe, lile ambalo wazee waliliita chamba cha jicho.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi na kina miaka zaidi ya mia. Otto Schirmer alikieleza mwaka 1903: utepe wa karatasi wenye upana wa milimita 5 unaning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Ukilowa milimita 10 au zaidi, machozi yapo. Usipofika 5, jicho lina ukame wa kweli.

Kwa nini likaukiwe? Umri ni sababu, na wanawake huathirika zaidi, hasa baada ya kukoma hedhi. Kisukari ni sababu, na baridi yabisi pia. Vidonge vya mzio kama piritoni, ambavyo watu huvimeza kwa mafua na muwasho bila kufikiri mara mbili, hupunguza machozi. Dereva wa bodaboda anayeteremka kutoka Tukuyu bila miwani wala kioo cha helmeti anakausha macho yake kwa upepo. Mfinyanzi wa Kikisi anayechoma vyungu vya kuuzwa kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema, anayakausha kwa moshi. Na kijana anayekodolea simu usiku kucha naye yumo: kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, lakini mbele ya kioo cha simu idadi hiyo hushuka hata chini ya nusu. Kisha kuna wale ambao tone pekee haliwafai mpaka tatizo lenyewe lishughulikiwe: mwenye vikope ambaye nywele za kope zimegeukia ndani zikikwangua, na aliyepooza uso upande mmoja ambaye jicho lake halifungi hata usingizini.

Madaktari wa Tanzania walikuwa na jicho kavu lao muda mrefu kabla ya simu za kiganjani, na lilikuwa la watoto. Ukosefu wa vitamini A hukausha weupe wa jicho, kisha konea, na surua ikipita juu yake konea inaweza kuyeyuka kwa siku chache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, Allen Foster, aliyefanya kazi Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, na mwenzake Alfred Sommer walieleza habari za watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Kwa asilimia 37 yao, kidonda kilifuatana na surua. Mwaka huohuo yalichapishwa majaribio ya Mvumi yaliyohusisha watoto 180 wenye surua. Kati ya 88 waliopewa vitamini A kwa wingi walikufa 6, na kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12, tofauti ikionekana zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Pale tiba ya jicho kavu ilikuwa kidonge cha mafuta kinachotiwa mdomoni. Matone peke yake yasingewaokoa.

Afrika Mashariki ina ukavu mwingine mzito ambao nchi tajiri huuona kwa nadra. Mwili wa mtu fulani unaweza kuikataa dawa kwa ukali kiasi kwamba ngozi inababuka na utando wa macho unaungua pamoja nayo. Madaktari huuita ugonjwa wa Stevens-Johnson. Dawa za salfa zinaweza kuuleta. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Nairobi waliripoti katika jarida la Lancet jinsi thiasetazoni, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, ilivyowababua wagonjwa waliokuwa pia na virusi vya UKIMWI. Anayepona baada ya balaa hilo anaweza kubaki na macho ambayo tezi zake zimekufa, makavu maisha yote. Kwa mtu huyo tone la saa mbili baada ya saa mbili si anasa.

Tone lenyewe basi ni lipi? La kwanza ni machozi bandia. Ndani yake mna maji, chumvi kidogo na kitu cha kuyafanya yawe mazito: haipromelozi au jamaa yake kabosimethaili selulosi, ambazo hutokana na nyuzi za mimea, au hayaluroneti, ambayo hushika maji kwa nguvu. Hayaui kijidudu chochote. Kazi yake ni kulainisha, ili ngozi ya konea ipate nafasi ya kujijenga yenyewe. Usiku hutumika mafuta mazito ya macho, ambayo yanaufunga unyevu mpaka asubuhi ingawa yanamwachia mtu ukungu wa saa nzima.

Humo ndani mna mtego mmoja. Chupa ya kutumiwa siku nyingi hutiwa kihifadhi ili vijidudu visizaliane, na kinachotumika zaidi kinaitwa benzalkoniamu kloridi. Ni sabuni, na sabuni huyeyusha mafuta. Anayetia mara mbili kwa siku huenda asione tofauti. Mwenye konea iliyochubuka, anayetia mara nane au kumi, anaipa konea sabuni mara nane au kumi, na vidoti vya kijani vinaweza kuongezeka badala ya kupungua. Kwa mtu kama huyo wataalamu hutaka matone yasiyo na kihifadhi, yanayokuja kwenye vichupa vidogo vya kutumia na kutupa, au kwenye chupa zenye kizibo maalumu cha kuzuia vijidudu. Bei yake ni kubwa zaidi, na si kila duka linayo.

La pili linashughulika na moto ulio chini. Ukavu wa muda mrefu huamsha askari wa mwili, nao huzishambulia tezi za machozi zenyewe. Siklosporini huwatuliza. Kisa chake ni kirefu: ilitokana na kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa nyanda za juu za Hardangervidda, Norway, uliokusanywa mwaka 1969. Ilianza kusifika kwa kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa. Daktari wa mifugo Renee Kaswan wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, akaijaribu kwenye macho makavu ya mbwa na machozi yakarudi. Marekani iliidhinisha matone yake kwa binadamu mwishoni mwa 2002, na Ulaya ikaidhinisha ya kwake mwaka 2015, kwa ajili hasa ya konea iliyoharibiwa vibaya na ukavu ambayo machozi bandia yameshindwa kuiponya. Anayeianza aambiwe mapema kwamba inachoma na kwamba matokeo yake huhesabiwa kwa miezi. Wengi huiacha wiki ya tatu wakidhani wameibiwa.

Japani ilishika njia yake. Huko hutumika dikwafosoli, inayolichochea jicho litoe maji na ute, na rebamipaidi, ambayo ilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha cenegermin, tone lililotengenezwa kwa kuiga kichocheo cha ukuaji wa mishipa ya fahamu kilichompatia Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ni kwa konea iliyopoteza hisia: hutiwa mara sita kwa siku kwa wiki nane, na gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Msikilizaji wa Talatala ataijua kama habari tu kwa sasa.

Lakini kuna tone moja la hali ya juu lisilouzwa na kampuni yoyote, nalo mgonjwa hutembea nalo mwilini. Damu yake inachotwa, inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine hadi maji ya njano yajitenge, yanapunguzwa makali kwa maji ya chumvi, mara nyingi hadi sehemu moja kwa tano, kisha yanagawanywa kwenye vichupa na kugandishwa. Maji hayo yana vitamini A na vichocheo vya kuotesha ngozi ambavyo machozi bandia hayana. Yameandikwa kwenye majarida ya tiba tangu 1984. Hayahitaji hati miliki. Yanahitaji maabara safi, jokofu na umeme usiokatika, kwa sababu hayana kihifadhi, na yakioza ni chakula kizuri cha bakteria.

Limebaki lile la kufuta wekundu usiku mmoja. Ni steroidi, na kwenye lebo jina lake mara nyingi huishia kwa soni au soloni: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni. Mara nyingine imechanganywa na antibayotiki katika chupa moja. Mikononi mwa daktari aliyekwisha kuitazama konea, steroidi ya siku chache huzima uvimbe wa jicho kavu na kutoa nafuu ya kweli. Bila daktari, inazima dalili huku ugonjwa ukiendelea. Ikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Na kama kilichochubua jicho hakikuwa ukavu bali kapi la mpunga lenye kuvu, steroidi inakifungulia kidonda mlango.

Kapi hilo si hofu ya kubuni. Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti walifuatilia wagonjwa 313 wenye maambukizi ya konea na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Wengi walikuwa wakulima. Kuvu ndiyo ilikuwa chanzo kikubwa, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wametia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza natamaisini, tone la kuua kuvu, kwenye orodha ya dawa muhimu. Antibayotiki ya kawaida haiigusi kuvu. Machozi bandia hayaigusi. Steroidi inailisha.

Mwezi Januari 2024 Tanzania nzima ilionja fujo ya chupa zisizoulizwa. Ugonjwa wa macho mekundu ulioletwa na virusi ulilipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, na Wizara ya Afya ikawaonya wananchi wasijitibu wenyewe. Virusi vile vingeondoka bila antibayotiki. Lakini kila mtaa ulikuwa na mtaalamu wake, mmoja akisifia majani, mwingine akisifia tone lililobaki kwenye chupa ya jirani. Na jicho lililotoka kwenye virusi vile linaweza kubaki kavu kwa wiki kadhaa, mwenyewe akidhani bado anaumwa na kuongeza dawa juu ya dawa.

Mwenye Duka la Dawa Muhimu si adui katika habari hii. Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma, mkoa mwingine wa ufukwe huuhuu wa Nyasa, mwaka 2003, ili vijijini pawe na muuzaji aliyefundishwa. Muuzaji aliyefundishwa anaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu: jicho moja au yote mawili? Linauma kiasi cha kushindwa kutazama mwanga? Kuona kumepungua? Ukavu kwa kawaida hukamata macho yote mawili, huwasha na kuchoma, na kuona hurudi mtu akipepesa. Jicho moja lenye maumivu makali, doa jeupe, usaha au giza halina cha kununua pale dukani. Hilo ni la Hospitali ya Wilaya ya Kyela au ya Matema siku hiyohiyo, na kama halijatulia ni la Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kupitia Tukuyu.

Arudi basi mama wa mpunga, safari hii akiwa na chupa ya machozi bandia aliyoandikiwa baada ya kupimwa kwa taa ya buluu. Mikono imeoshwa kwa sabuni. Anainua uso, anavuta kope ya chini mpaka kijifuko chekundu kijitokeze, mdomo wa chupa haugusi ukope wala kidole. Tone moja. Anafumba bila kukaza, anabonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie kooni. Kijifuko hicho hakiwezi kushika hata tone moja zima, hivyo la pili analoliongeza kwa uchoyo wa uponaji linaishia shavuni. Kama ana dawa nyingine, anasubiri dakika 5. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwa kalamu kwenye boksi, na siku ya 28 chupa inatupwa hata kama imebaki nusu. Wakati wa kupepeta anavaa miwani ya kawaida na kusimama upande upepo unakotoka. Baada ya wiki sita anarudishwa kwenye mashine ileile, kijikaratasi kinaloweshwa, taa inawashwa, na mtaalamu anaanza kuhesabu vidoti vya kijani vilivyobaki.